Kupanga vitamini A ya kila siku kwa kila mtu nyumbani

Chagua jedwali moja la viwango, ulishike hadi mwisho. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Jedwali la FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, huhesabu mikrogramu 6 za beta-karotini ya mboga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Jedwali la Marekani la mwaka 2001 huhesabu 12. Ukichukua mahitaji ya mtoto kwenye la Marekani na thamani ya mboga kwenye la FAO, mboga itaonekana ina vitamini maradufu, na mtoto atapata nusu ya unachodhani. Hapa tunafuata la Marekani.

Kiwango chenyewe huanza na kiasi kinachotosha nusu ya watu wa rika moja. Kwa vitamini A huongezwa asilimia 40 ili kitoshe karibu wote, kisha namba huzungushwa. Kwa mikrogramu za retinoli kwa siku, mwanamke: 500 huwa 700. Mwanamume: 625 huwa 900. Mtoto wa miaka 1 hadi 3: 210 huwa 300. Mtoto mchanga hapimwi hivyo. Huangaliwa anachopata kwa mama: wastani wa lita 0.78 za maziwa kwa siku, kila lita ikiwa na mikrogramu 485, yaani kama 378, ikizungushwa ndiyo 400 ya miezi sita ya kwanza. Miezi 7 hadi 12 ni 500. Miaka 4 hadi 8 ni 400, miaka 9 hadi 13 ni 600, na kuanzia 14 anafuata kipimo cha mtu mzima wa jinsia yake. Mjamzito ni 770. Mama anayenyonyesha ni 1,300, kwa sababu vitamini ya mtoto inatoka mwilini mwake. Huyu ndiye anayesahaulika zaidi mezani.

Sasa geuza namba kuwa chakula. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vikichemshwa hutoa takriban mikrogramu 790 kwa gramu 100. Mtoto wa miaka miwili anatosheka na gramu 40, yaani vipande viwili vitatu vidogo. Mwanamume anahitaji gramu 115, mama anayenyonyesha gramu 165. Kiazi kikipauka, vitamini nayo imepungua. Kiazi kitamu cheupe hakina karibu chochote. Karoti iliyochemshwa inakaribia 850 kwa gramu 100, lakini embe bivu ni kama 54 tu, kwa hiyo usidanganywe na unjano wake. Yai moja lina kama 75.

Vyakula hivi vya karotini havifyonzwi vizuri bila mafuta. Tia mafuta kijiko kimoja cha chai kwenye sahani ya mtoto, viazi vikiwa bado vya moto, uviponde pamoja. Pikia kwenye sufuria iliyofunikwa. Mboga ukizikausha, zianike kivulini, maana jua kali huila karotini.

Maini yana hesabu yake. Gramu 85 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takriban 6,600, wakati kikomo cha mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Mtoto chini ya miaka 4 kikomo chake ni 600, na wa miaka 4 hadi 8 ni 900. Vikomo hivi ni vya retinoli ya wanyama na ya vidonge. Karotini ya mboga haihesabiwi humo. Kwa kuwa ini la mwili huhifadhi vitamini A, pima maini kwa wiki: mtoto wa miaka miwili anahitaji 2,100 kwa wiki, na gramu 25 mara moja tu zinakaribia kuzimaliza. Mjamzito asile maini, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu retinoli nyingi mno inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Matone ya vitamini A ya kliniki yasikuchanganye. Miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti za kimataifa (IU) 100,000 mara moja, na miezi 12 hadi 59 hupewa 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6. Zidisha yuniti za retinoli kwa 0.3 upate mikrogramu: 200,000 ni mikrogramu 60,000. Ukizigawa kwa siku 180 ni kama 333 kwa siku, ingawa si zote zinazobaki mwilini. Nenda na kadi ya kliniki kila mara ili dozi isirudiwe mapema, na usimpe mtoto kidonge kingine cha vitamini A nyumbani bila kumuuliza mhudumu.

Kwa wazee kiwango hakipandi: 900 na 700 vilevile. Kidonge cha yuniti 10,000 peke yake ni mikrogramu 3,000, kikomo chote cha siku kabla hawajala kitu, na retinoli nyingi ya muda mrefu imehusishwa na kuvunjika kwa nyonga.