Funza wa kulishia perege na kambare: anza na ndoo moja tu

Jamani mnaofuga perege na kambare kwenye matangi na mabwawa ya maji baridi, Unguja hata huku kwetu Pemba, kinachotukaba ni chakula. Zaidi ya nusu ya gharama inaishia hapo hapo, cha dukani kinavuka bahari kabla hakijatufikia, na dagaa tunawagombania na wafanyabiashara wanaowapeleka Kongo. Mie kilichoninusuru ni funza, na nataka na nyie mjaribu mana taka za kuwalishia zimejaa sokoni.

Ila si funza wa nzi wa chooni. Hawa ni wa nzi askari mweusi, wengi wanamwita BSF tu, mrefu kama nyigu, miguu kwa chini myeupe, na akishakuwa mkubwa hana haja ya chakula hivo haji kutua kwenye sahani yako. Funza wake bapa, ngozi ngumu, na akikaushwa protini inafika kama asilimia 40.

Mbegu nunua kwa anaefuga au tega mwenyewe. Chukua ndoo, tia mapapai yaliyooza au pumba za mahindi ulizorowanisha siku tatu nne mpaka zichachuke, funika nusu, weka kivulini chini ya mgomba. Juu yake funga vipande vya mbao vyenye nafasi kati kati, mana huyu hatagi ndani ya uchafu, anatafuta ufa mkavu karibu na harufu. Jike mmoja anataga mayai kama 500, na baada ya siku nne hivi yanaanguliwa.

Vitoto wape pumba laini zenye unyevu siku tano za mwanzo, alafu ndo uingize taka za sokoni, ndizi, mafenesi, machicha ya nazi, wali uliolala. Hapa ndo wengi wanaharibu. Kina kisizidi vidole vitatu, na ukikamua gao la taka maji yasichuruzike. Mie mara ya kwanza nlijaza beseni zima mafenesi, likapata moto ndani, usiku funza wote wakatoka, asubuhi kuku wa jirani washawamaliza, iliniuma sana. Sa hivi natia kidogo kidogo kila siku, wakimaliza ndo naongeza. Beseni weka juu ya meza, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye mafuta ili chungu wasipande, juu wavu kwa ajili ya kunguru, na paa la mvua. Dawa ya mbu ya kupulizia usiikaribishe kabisa. Na kinyesi cha aina yoyote usiwape, samaki wako tunataka mtu amle bila kuingiwa na shaka.

Wiki ya pili mpaka ya tatu chekecha, wakati wengi bado weupe na wachache wameanza kugeuka rangi, wakishakuwa weusi kabisa ganda linakuwa gumu samaki hamsagi vizuri. Kilo 10 za taka zinatoa kama kilo 1 au 2 za funza wabichi. Sehemu moja ya kumi waache wawe nzi, watie ndani ya chandarua kinachopata jua la asubuhi, bila mwanga hawapandani.

Waliobaki waoshe, watie maji ya moto dakika mbili, waanike mpaka wakatike ukiwavunja, masika kausha kwa sufuria moto mdogo. Wakiota ukungu tupa. Kwa kilo 10 za chakula cha perege mie natia unga wa funza 2, dagaa 1.5, mashudu ya soya 2.5, pumba za mahindi 3, na unga wa muhogo 1 uliopikwa uji ili ushikane, inakuja protini kama asilimia 30. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika tena. Kambare anataka protini zaidi, ongeza funza na dagaa upunguze pumba.

Usibadilishe chakula siku moja, changanya na cha zamani wiki nzima. Ukiwapa funza wabichi wawe wachache, wanaokwisha ndani ya dakika kumi, mana wana mafuta mengi na wakibaki wanaharibu maji. Mabaki ya beseni yaache wiki kadhaa yapoe, alafu mwagia kwenye tuta la mchicha.