Jinsi ya kuuza kitabu chako mwenyewe bila kuuchukia uandishi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mbagala kwa mdogo wangu mmoja, katoa riwaya yake ya kwanza mwezi wa tano, nakala 300, hela yote ya kibubu. Nimekuta maboksi yamejaa chini ya kitanda na yeye ananiambia dada mimi basi, siandiki tena. Nikamwambia lete kaunta buku na kalamu tukae. Tulikaa toka saa nne asubuhi mpaka magharibi, na hiki ndo tulichofanya, ndo ninachofanya mimi pia tangu kitabu changu cha kwanza. Mambo ya ISBN, kava na mchapaji sigusi, kama vitabu vimeshafika nyumbani hayo umeyavuka.

Hatua ya 1: Toa maboksi chumbani

Usilale nayo. Ukifumbua macho kila asubuhi ukaona vitabu ambavyo havijauzwa, siku imeshaharibika kabla hujapiga mswaki. Weka sebuleni au stoo, juu ya mbao sio sakafuni, maana unyevu wa Dar unakunja kurasa. Kwenye mkoba tembea na vitano.

Hatua ya 2: Hesabu ulichofanya, sio ulichouza

Ukijipangia "leo niuze vitano" ukauza sifuri, unalala umeshindwa, wakati mfuko wa mtu huna mamlaka nao. Mimi najipangia watu watano kwa siku, mmoja mmoja, kwa jina lake. "Shikamoo mwalimu, kile kitabu nilichokwambia kimetoka, kinahusu binti aliyelelewa na bibi yake Lushoto, nikuletee kimoja?" Wakitimia watano nafunga, hata kama wote wamesema hapana, kazi ya leo nimemaliza.

Stetasi naweka ila sihesabu waliotazama, watu 140 wametazama na hajanunua hata mmoja, namba hiyo inakuumiza bure. Na brodikasti ya WhatsApp inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, kwa hiyo usikae unawaza watu wamekudharau kumbe ujumbe haujawafika. Angalia na kalenda. Katikati ya mwezi watu wamekauka, Januari ni ada na yunifomu, usijipime uwezo wako kwenye siku hizo. Nguvu weka mshahara ukitoka.

Hatua ya 3: Daftari la nakala (hapa tulia)

Hapa ndo nilipotezea mwaka mzima. Nilichapisha nakala 500, baada ya miezi minane maboksi yalikuwa yamebaki mawili na hela niliyoishika haifiki hata nusu ya gharama ya uchapaji. Nikasema watu hawapendi vitabu vyangu, nikaacha kuandika kabisa. Kumbe vitabu vilitoka na watu walisoma, ila vilitoka kwa mdomo: "nichukue nitakulipa mwisho wa mwezi", na sikuandika popote. Nilikaa siku tatu napitia meseji za zamani kujua nani kachukua nini. Kwa hiyo naongea kwa uchungu hapa.

Kila nakala ipe namba, kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma. Kwenye kaunta buku chora safu tano za kushuka chini, kila nakala ipate mstari wake: namba ya nakala, aliyechukua, tarehe, kalipa au bado, nimemkumbusha lini. Usitumie simu kwa hili. Najua kuna programu nzuri tu, ila simu inaibiwa, na ukiifungua kuandika nakala moja unajikuta TikTok nusu saa. Daftari.

Za bure nazo zina namba. Amua mapema ni ngapi, mimi ni 20 kwa kila nakala 500, zikiisha zimeisha, hata shangazi atanunua. Hapo utapata lawama, tena kubwa, ila ndugu aliyelipa 10,000 atakisoma, wa bure atakiweka juu ya kabati la vyombo.

Sasa mali kauli kwenye maduka, yaani unaacha vitabu na duka linakulipa vikishauzwa. Duka moja la mjini nilipeleka nakala 40, tukakubaliana kwa maneno, nikirudi naambiwa aliyepokea ameacha kazi. Sikupata kitu. Tangu siku hiyo napeleka tano tano tu, zikilipwa ndo naongeza, na naandika karatasi mbili zenye idadi, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kurudi kuhesabu na saini ya mpokeaji. Ukiambiwa "sisi hapa hatuandikianagi", shika vitabu vyako ondoka. Na tarehe ikifika nenda mwenyewe, usipige simu, kwenye simu utaambiwa havijaisha.

Madeni ya watu kumbusha mara mbili tu. "Habari za siku, natumaini kitabu umekifurahia, naomba unitumie ile 10,000 nichapishe vingine." Ya pili baada ya wiki mbili. Baada ya hapo andika "imeondoka", funga mstari, usiendelee kumuwaza. Kinachomaliza moyo wa mwandishi ni kule kulala na majina ya watu kichwani, kuliko hata hela yenyewe. Mstari ukifungwa unapumua.

Hatua ya 4: Laini ya kitabu peke yake

Hela ya kitabu isichanganyike na ya unga. Sajili laini nyingine, au omba lipa namba. Vya mikoani tuma kwa basi baada ya hela kuingia, piga picha risiti ya mzigo mtumie mteja.

Hatua ya 5: Asubuhi ni ya kuandika

Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja sifungui data. Naandika, hata aya moja, ndo naanza kutafuta wale watano. Ukianza na kuuza, mteja mmoja akikuambia bei kubwa basi siku nzima kalamu haishikiki. Na wasomaji wakikutumia voisi za kukisifia, zihifadhi sehemu moja. Mimi ninayo ya mama mmoja wa Tabora, anasema alikuwa anamsomea mwanae aliyelazwa, wakawa wanagombania nani afunue ukurasa. Ile nimeisikiliza sijui mara ngapi.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia picha ya daftari, namba 41 ina tiki, yule shemeji wa Kigamboni aliyekuwa hapokei simu tangu mwezi wa sita kalipa. Chini kauliza, dada, nakala niliyomwagia chai naiandika wapi? Nimemwambia aipe mstari wake kama zingine, aandike "imeharibika" na tarehe, kisha abaki nayo aitumie kusomea watu barazani.