Kutafuta vigawo vya polinomia kwa njia ya makundi

Tuseme fundi wa Igoma, jijini Mwanza, anatengeneza sanduku la barafu la kuhifadhia sangara, na ujazo wake umeandikwa x³ + 5x² − 4x − 20, ambapo x ni idadi ya desimita. Urefu, upana na kina vimo ndani ya polinomia hiyo, yaani jumla ya sehemu zenye vipeo vya x, na kuvipata ni suala la kutafuta vigawo, yaani mabano ambayo yakizidishwa hutoa polinomia yenyewe.

Njia ya makundi huzigawa sehemu nne katika jozi mbili, kila moja ikiwekwa kwenye mabano yake. Kabla ya kugusa mabano, zidisha namba ya sehemu ya kwanza kwa ile ya mwisho, kisha zidisha mbili za katikati. Hapa 1 × (−20) ni −20, na 5 × (−4) ni −20 pia. Majibu yakilingana, makundi yatakubali, kwa sababu uwiano wa namba katika jozi ya kwanza ni sawa na ule wa jozi ya pili. Nasisitiza kipimo hiki kwa kuwa kinamwokolea mwanafunzi muda mwingi wa mtihani.

Sasa toa kigawo cha shirika katika kila jozi: x²(x + 5) − 4(x + 5). Itazame jozi ya pili kwa makini. Tumetoa −4, wala si 4, na kwa hiyo −20 imegeuka kuwa +5 ndani ya mabano. Anayetoa 4 peke yake hupata 4(−x − 5), akaona mabano hayafanani, akaiacha njia iliyokuwa sahihi. Kwa kuwa mabano yanafanana, yanakuwa kigawo kimoja: (x + 5)(x² − 4). Usiishie hapo, maana x² − 4 ni tofauti ya namba mbili za mraba, hivyo jibu kamili ni (x + 5)(x + 2)(x − 2). Hakiki kwa x = 10: polinomia inatoa 1,440, na 15 × 12 × 8 ni 1,440, yaani sanduku la lita 1,440.

Kipeo kikiwa kikubwa zaidi, anza na kigawo kinachohusu sehemu zote. Katika x⁵ − 3x⁴ + 8x² − 24x, toa x kwanza, kisha uyapange makundi: x[x³(x − 3) + 8(x − 3)], ambayo ni x(x − 3)(x³ + 8). Nayo x³ + 8 ni jumla ya vipeo vya tatu, hivyo tunamalizia na x(x − 3)(x + 2)(x² − 2x + 4).

Sehemu zikiwa zimechanganyika, kama x³ + 6 + 2x² + 3x, zipange kuanzia kipeo kikubwa, nawe utapata (x + 2)(x² + 3).

Kipimo kikikataa, usihitimishe haraka kwamba vigawo havipo. Kwa x³ + 3x² + 3x + 2, zao la pembeni ni 2 na la katikati ni 9, lakini ukigawanya 3x² kuwa 2x² + x², na 3x kuwa 2x + x, yanatokea makundi matatu: x²(x + 2) + x(x + 2) + 1(x + 2), yaani (x + 2)(x² + x + 1). Dokezo la mgawanyo huo hupatikana kwa kujaribu vigawo vya namba ya mwisho: ukiweka x = −2, polinomia yote inakuwa sifuri, kwa hiyo x + 2 ni lazima iwe kigawo.