Kufuma kazi tatu kwa wakati mmoja nyumbani

Baridi ya Dodoma huuma zaidi mwezi wa 6 na wa 7, hivyo anayetaka sweta la mtoto liwe tayari kwa wakati huo aanze kulifuma mapema, naye asiwe na kazi zaidi ya tatu mkononi. Moja iwe nyepesi, kama skafu isiyo na michoro, inayoweza kufumwa huku maharage yakichemka, ile yenye hesabu ya vitanzi ningeiacha hadi watoto walale, kwa sababu swali moja tu la "mama, daftari langu liko wapi?" huvuruga mstari mzima.

Kila kazi iwe na mfuko wake unaofungwa, maana vumbi la kiangazi huku kwetu haliuachi uzi mweupe. Ndani weka sindano zake, lebo ya uzi yenye namba ya rangi, na kikaratasi kinachoonyesha ulipoishia: "mkono wa kushoto, mstari wa 34, punguza kitanzi 1 kila upande." Usiazime sindano za kazi nyingine, niliwahi kuchomoa namba 4 nikarudisha namba 5, na kiuno cha sweta kikapanuka kama gunia. Ukiitwa, malizia kwanza mstari.