Fremu za Tanga: piga hesabu kwa kodi ya leo

Unayetaka kukopa benki ununue jengo la fremu Tanga kwa sababu bandari imepanuliwa na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani, hapo hapo Tanga, usipige hesabu ya marejesho kwa kodi unayoitarajia. Tumia inayolipwa sasa, na uombe mikataba ya wapangaji uisome mwenyewe. Mpangaji anayetegemea kazi za ujenzi wa bomba huondoka kazi zikiisha. Duka la vipuri mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, lina wateja wake siku zote.

Tuseme fremu zote zinaingiza milioni 3 kwa mwezi. Kodi ya zuio (ile ya serikali inayokatwa kwenye pango) asilimia 10, inabaki 2,700,000. Toa kodi ya pango la ardhi, bima na matengenezo (chumvi ya bahari haina huruma na mabati wala nondo). Mimi nisingekubali rejesho la mwezi linalozidi 1,800,000.

Halafu angalia hati ya ardhi: imebakiza miaka mingapi? Ikikaribia kuisha, benki itasita. Na kwa kuwa wapangaji wengi hulipa miezi sita kwa mkupuo, omba benki ratiba ya marejesho ifuate mkupuo huo. Benki ikikataa, fungua akaunti ya pembeni isiyo na kadi, uweke humo fedha za marejesho ya miezi hiyo.