SOMO: Kupanda Castle Crag, kilima kifupi chenye mto na msitu (Borrowdale, Uingereza)

Wakuu, kwa wale mlioko Uingereza mnaotaka kutoka mjini ila milima mirefu mnaiogopa, leo nawapa kilima kimoja tu. Kinaitwa Castle Crag, kipo bonde la Borrowdale, kusini ya mji wa Keswick kule Lake District, eneo la maziwa na milima kaskazini magharibi ya Uingereza. Urefu wake mita 290. Kwenye ile orodha ya vilima 214 ambavyo wapandaji wa huku wanapenda kuvimaliza, hiki ndo kifupi kuliko vyote, na ni hiki peke yake ambacho hakifiki futi 1,000. Mzunguko wote kama kilomita 6, na kikundi kinachopiga stori njiani tenga masaa matatu hadi manne.

Watu wengi wanaanza na mto alafu ndo wapande, mi vikundi vyangu huwa nafanya kinyume. Kilima kwanza miguu ikiwa bado mipya, mto na msitu mnarudi navyo taratibu, kwa sababu kule juu kuna mawe yanateleza na hutaki kuyashuka ukiwa hoi.

Kabla ya kutoka. Vaa buti zenye meno chini, raba za mjini hapana. Suruali ya jinsi iache nyumbani, ikilowa haikauki na baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa. Koti la mvua beba hata kama asubuhi jua linawaka, sitanii, maana Seathwaite, kijiji kilichopo mwisho wa bonde hili hili, kinapata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka wakati Dar ni kama 1,100. Upepo unatoka bahari ya Atlantiki umejaa unyevu, unakutana na milima, unapanda, unapoa, mzigo wote unamwagwa hapo. Beba ramani ya karatasi pia (OS Explorer OL4), usitegemee simu peke yake. Na chupa ya chai, hiyo hatujadiliani.

Rosthwaite mpaka mtoni. Anzieni kijiji cha Rosthwaite, kuna paking ya National Trust (shirika la hisani linalotunza maeneo ya asili na ya kihistoria), ila wikiendi za kiangazi inajaa mapema. Fuata kijibarabara kinachopita shambani, katikati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mpaka ukutane na mto Derwent. Utaona kondoo wa Herdwick, hao wanazaliwa weusi alafu wanazidi kuwa wa kijivu kadri wanavyokua, kwaiyo usishangae mama na mtoto hawafanani kabisa. Mtoni kuna mawe ya kukanyagia, achana nayo. Shika kulia ufuate maji mpaka daraja la mawe linaloitwa New Bridge. Siku ambayo haijanyesha simama kidogo pale juu uangalie chini, maji yana ukijani fulani na kokoto unaziona moja moja.

Kupanda. Ukishavuka daraja usiende kulia na mto, hiyo ndo njia ya kurudia. Shika inayopanda kushoto kando ya kijito cha Tongue Gill, hapo pumzi itakata kidogo, mpaka ukutane na njia pana ya zamani ya machimbo ya mawe. Geuka kulia. Kilima sasa kipo mkono wako wa kulia, tembea ukikiangalia mpaka uone kinjia kinachochepuka kulia kukifuata.

Hapa ndo penye shughuli. Mbele yako kuna lundo kubwa la mabaki ya machimbo, mawe bapa ya kijivu yale ya kuezekea nyumba, na njia inapanda juu yake kwa kona kona. Yanalia chini ya buti kama sahani zinazopangwa kabatini, na yakilowa yanateleza vibaya. Kanyaga na unyayo mzima, hatua fupi fupi, mikono itoe mfukoni. Msibanane, maana jiwe likichomoka kwa aliye juu linamfuata wa chini, na msikate kona kutafuta shortikati, mnaiharibu njia na mnaangusha mawe.

Kileleni. Karibu na juu kuna machimbo yenyewe, yaliachwa siku nyingi, na wapita njia wamesimamisha vipande vya mawe wima, vingi mno. Ni pazuri kupiga picha ila ukingo wa machimbo ni mkali, watoto washikwe mkono. Juu kabisa kuna kibao cha kumbukumbu ya wanaume wa Borrowdale waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, akiwemo luteni mmoja kijana, John Hamer, aliyeuawa Machi 1918, na wazazi wake ndo waliotoa kilele hiki kwa National Trust. Ukitazama kaskazini unaona ziwa la Derwentwater na nyuma yake mlima Skiddaw, mita 931. Kusini unaiona Rosthwaite mlikotoka. Kwangu hakuna kilima cha urefu huu chenye mandhari ya kukishinda, anayebisha aje tubishane huko huko juu.

Kurudi na mto. Shukeni kwa njia ile ile ya mawe mpaka njia pana, alafu geuka kulia kuelekea Grange. Inateremka mpaka miti inawafunika na mnaukuta mto tena. Hapo geuka kulia, mto uwe kushoto kwako mpaka New Bridge. Huu msitu ni wa mialoni, sehemu ya msitu wa mvua wa Borrowdale, ndio, msitu wa mvua Uingereza, na mwaka 2024 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya mazingira. Gusa gome la mwaloni wowote, limevaa kijani mpaka huoni mti wenyewe, na kangaga zinaota juu kabisa kwenye matawi.

Njiani, upande wa kulia juu kidogo, kuna mapango. Humo alikuwa anaishi majira ya kiangazi bwana Millican Dalton, aliyeacha kazi ya ukarani wa bima London akawa kiongozi wa wapandaji. Nguo alishona mwenyewe, na alikufa 1947. Kinjia cha kwendea kule kinateleza, kwaiyo aliyechoka abaki chini na chai.

MASWALI YA WADAU

Mkuu mi Kilimanjaro nimefika Uhuru, hiki si cha watoto?
Kaka hongera, 5,895 sio mchezo. Ila kule ulikuwa na wapagazi na kiongozi wa kukwambia pole pole, huku uko mwenyewe na ukungu unaweza kushuka ghafla. Njoo na heshima hiyo hiyo.

Mtoto wa miaka sita ataweza?
Dada ataweza, kama amezoea kutembea. Kwenye lundo la mawe mtu mzima awe nyuma yake wakati wa kupanda na mbele yake wakati wa kushuka. Kama mvua ya usiku ilikuwa kubwa, kilima kiacheni, tembeeni mtoni tu.

Swala ya adhuhuri tunaswalia wapi, na kibla?
Kileleni kuna majani ya kutosha watu wachache kujipanga. Kutoka Uingereza kibla ni kusini mashariki, dira ndogo inatosha. Udhu chukueni kwenye maji ya chini, juu hakuna.

Mtu akivunjika mguu?
Piga 999, omba polisi, alafu waambie unataka mountain rescue, yaani waokoaji wa milimani. Ni wa kujitolea na hawakutozi hela. Simu ikigoma piga filimbi mara sita ndani ya dakika, pumzika dakika, rudia.

Kuna wadudu?
Usubi wapo jioni za kiangazi, na kupe kwenye majani marefu. Vaa suruali ndefu, ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwapani, kupe wa huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.

Mwezi wa 12 inawezekana?
Inawezekana, ila jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Saa tatu asubuhi muwe mshaanza, na kila mtu awe na tochi yake, sio ya simu.

Sina gari, natokea London.
Treni mpaka Penrith, pale chukua basi la Keswick, alafu basi namba 78 linalokwenda Seatoller, unashukia Rosthwaite. Cheki saa ya basi la mwisho kurudi kabla hujaanza kupanda, usiku halipo na taksi itakukamua.