Kabla Hujalipia Kikao cha Mwanasaikolojia

Mtu anapoamua hatimaye kumwona mwanasaikolojia, mara nyingi amekwisha kuchoka. Hana nguvu ya kupekua masharti ya bima wala ya kuuliza kwa nini risiti haina muhuri. Maswali ya pesa na miadi hubaki bila kuulizwa, kisha huibuka kwenye kikao cha tatu au cha nne, wakati ndio kwanza ameanza kufunguka. Nafanya kazi ya mapokezi na malipo katika kliniki ya ushauri nasaha jijini Nairobi, na wengi ninaowaona wakikatiza tiba katikati wameshindwa na hesabu ambayo hakuna aliyewaonyesha mapema. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa hesabu yenyewe inaweza kufanywa kwa simu moja kabla ya siku ya kwanza.

Kwanza ujue unamtafuta nani. Watu watatu huchanganywa sana: mshauri nasaha, mwanasaikolojia, na daktari wa magonjwa ya akili. Huyu wa tatu ni daktari kamili aliyebobea katika akili, na ndiye anayeweza kukuandikia dawa. Wawili wa kwanza hutibu kwa mazungumzo na mazoezi, hawaandiki dawa. Ukiwa hulali kwa wiki nyingi, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huenda ukahitaji wote wawili, daktari na mwanasaikolojia, na hapo bajeti ni ya watu wawili pamoja na dawa za mwezi. Afadhali kulijua hilo sasa kuliko kulikuta dirishani kwa mfamasia.

Kisha hakikisha amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Madaktari wa akili wako chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na majina yao yanatafutika kwenye tovuti ya baraza hilo. Omba nambari ya usajili unapoweka miadi. Mtaalamu wa kweli haoni vibaya kuulizwa. Wengi wameiweka ukutani au chini ya barua zao. Anayejibu kwa kukwepa, au anayekwambia cheti kiko njiani, mwache uende kwingine. Nambari hiyo ina kazi nyingine pia: bima nyingi hukataa dai lisilokuwa nayo, hata kama kikao kilifanyika kweli.

Sasa pesa. Kosa linalowaponza wengi ni kuuliza bei ya kikao kimoja tu. Kikao kwa kawaida ni dakika 50 hadi saa nzima, na ni nadra kimoja kutosha. Tiba ya kubadili mawazo na mienendo, inayotumika sana kwa wasiwasi na sonona, huenda vikao 6 hadi 20, kutegemea tatizo. Hata ule mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus, ambao ulijaribiwa pia kwa wanawake wa mitaa ya Nairobi waliopitia ukatili, una vikao 5 vya dakika 90 kila kimoja. Kwa hiyo fikiria mfululizo. Chukulia kikao ni shilingi 3,500, unaenda mara moja kwa wiki kwa wiki 8: hizo ni 28,000. Kama unatoka Rongai kwenda Upper Hill na nauli ya kwenda na kurudi ni 300, ongeza 2,400. Jumla 30,400, kabla hujahesabu nusu siku ya kazi unayoomba ruhusa kila wiki. Kama mshahara hauwezi kubeba mzigo huo, mwambie mwanasaikolojia siku ya kwanza kabisa. Anaweza kupanga mkutane kila baada ya wiki mbili na kukupa kazi ya kufanya nyumbani katikati, au akakuelekeza kwa mwenzake wa bei nafuu. Kuna wanaopunguza bei kulingana na kipato, ila hawatangazi, lazima uulize. Uliza tu, "Je, mna bei kwa mtu wa kipato kidogo?" Mimi huulizwa swali hilo na sijawahi kumdharau aliyeuliza.

Kuna kliniki zinazotoa kifurushi: lipa vikao vitano mapema, cha sita bure. Inavutia, lakini usikubali kabla ya kumwona mhusika angalau mara moja. Tiba ya mazungumzo inategemea sana kama nyinyi wawili mnaelewana. Ukigundua kwenye kikao cha pili kwamba humudu kumwambia mtu huyu siri zako, je, pesa za vikao vitatu vilivyobaki zinarudi? Pata jibu kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha.

Na kuhusu maandishi: taratibu za kuahirisha miadi ziko karibu kila kliniki, ila wagonjwa huzisoma wakishatozwa. Utaratibu wa kawaida ni kutoa taarifa saa 24 kabla. Ukichelewa kusema, unalipa nusu au bei yote. Ukifika umechelewa dakika 20, kikao huishia palepale kilipopangwa kuishia, na bei haipungui, kwa kuwa baada yako kuna mwingine. Jua pia kama wanataka arubuni ili wakushikie nafasi, na kama arubuni hiyo ni sehemu ya malipo au ni kitu cha pembeni.

Kitu kidogo kinacholeta vurugu kubwa mezani kwangu ni saa. Mtu anaandika, "Naomba saa tatu Alhamisi." Yeye ana maana ya asubuhi, baada ya kuwapeleka watoto shule. Mtaalamu, ambaye kalenda yake iko kwa Kiingereza, anaandika 3:00 na kumsubiri alasiri. Mmoja anakuja anakuta mlango umefungwa, mwingine anakaa ofisini bure, kisha linazuka swali la nani alipie kikao ambacho hakikufanyika. Andika hivi: saa tatu asubuhi, 9:00 a.m. Ukiwa ughaibuni na unataka mtaalamu wa nyumbani kwa njia ya video, zingatia zaidi. Saudi Arabia iko sawa na Nairobi, Oman iko mbele kwa saa moja, lakini Uingereza iko nyuma kwa saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi, maana hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Miadi ya kila Jumanne iliyokuwa ikienda vizuri huvurugika wiki hiyo hiyo.

Kwa vikao vya mtandaoni, kubalianeni pia mapema: mtandao ukikatika katikati, nani anampigia nani, na dakika zilizopotea zinafidiwa au la? Weka bando la kutosha, tafuta vipokea sauti vya masikioni, na chumba ambacho hakuna atakayebisha hodi. Najua kwa wengi chumba hicho hakipo. Kuna dada anayefanya kazi za nyumbani Ghuba ambaye faragha yake ni usiku watu wakishalala. Aseme hivyo anapoweka miadi. Wapo wataalamu wanaopokea watu usiku.

Bima ndiyo sehemu inayohitaji subira. Usitosheke na kadi kusema una kinga ya wagonjwa wa nje. Piga simu kwa kampuni ya bima, chukua jina la anayekuhudumia na tarehe, kisha uliza moja moja. Je, bima inalipia mwanasaikolojia, au inamlipia daktari wa akili tu? Afya ya akili ina kikomo chake cha mwaka, au inakula kwenye kikomo cha jumla? Nahitaji barua ya rufaa kutoka kwa daktari wa kawaida? Idhini inaombwa kabla ya kila kikao au mara moja kwa vyote? Kuna kiasi ninachochangia mwenyewe kila ninapokwenda? Na kliniki niliyoichagua iko kwenye orodha yenu? Swali la idhini ndilo linaloangusha watu wengi. Bima inaidhinisha vikao vinne, mgonjwa anaendelea hadi cha sita, na viwili vya mwisho vinarudi kwake kama deni. Hesabu vikao vyako mwenyewe, na ombi la nyongeza lipelekwe mapema.

Ikiwa utalipa kwanza ndipo urudishiwe, tunza kila karatasi: risiti, jina na nambari ya usajili ya mtaalamu, tarehe ya kila kikao, na barua ya rufaa kama ilitakiwa. Risiti moja ya jumla yenye maneno "ushauri, vikao vinne" hurudishwa mara nyingi kwa sababu haionyeshi tarehe. Omba risiti kila siku ya kikao. Kuikusanya baada ya miezi miwili ni kazi kwako na kwetu.

Upande wa serikali, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, na walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Vifurushi vyake vinataja huduma za afya ya akili, lakini kinacholipiwa kinategemea kituo na viwango vilivyotangazwa. Hakikisha usajili wako uko hai kwa kupiga *147#, kisha uliza kituo chenyewe kama kinapokea SHA kwa huduma unayoitaka wewe. Jibu la jumla halitoshi.

Kuna jambo la faragha ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Kama bima ni ya mume, mke au mzazi, ujumbe wa "huduma imetumika" huenda ukaingia kwenye simu ya mwanachama mkuu, si yako. Kijana wa chuo anayetumia kadi ya baba yake hapendi baba ajue kwa njia hiyo. Bima pia huomba utambuzi wa ugonjwa kabla ya kulipa, kwa hiyo mtaalamu ataandika kitu kwenye fomu. Muulize atakachoandika kabla hajakituma. Ukilipa kwa M-PESA, jina la kliniki litabaki kwenye ujumbe na kwenye taarifa ya akaunti. Mtu anayeishi na mwenzi anayempekua simu anaweza kuchagua kulipa taslimu, na sisi wa mapokezi hatuna neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa data nyeti, kwa hiyo una haki ya kuuliza faili lako linakaa wapi na nani analifungua. Mtaalamu naye akueleze mwanzoni mipaka ya usiri: akiona maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhulumiwa, hawezi kunyamaza.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza nambari ya siri. Lisipofanana na la kliniki au la mtaalamu, simama kwanza uulize. Pesa zikienda kwa mtu asiye mhusika, tuma ujumbe huo wa muamala wa M-PESA kwa 456 mara moja.

Kama mfuko hauruhusu kabisa kliniki ya binafsi, usiache. Hospitali ya Mathari iliyoko Thika Road, ambayo imekuwapo tangu 1910, ina kliniki za wagonjwa wa nje, na hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret zina idara za afya ya akili. Foleni ni ndefu. Fika asubuhi na mapema, na barua ya rufaa mkononi. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia ya tiba huwa na wanafunzi wa shahada za juu wanaowaona watu chini ya usimamizi wa walimu wao, kwa bei ya chini. Na mwajiri wako huenda amekwisha kulipia vikao kadhaa vya bure kwa mwaka bila wewe kujua. Ofisi ya rasilimali watu itakwambia. Hapo uliza kama mwajiri hupelekewa majina au idadi tu.

Yote haya ni kwa mtu anayeweza kungoja miadi. Kama wewe au mtu wako anafikiria kujiua leo, usianze na bei wala bima. Nendeni hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, au mpige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya. Kwa mtoto ni 116, na nambari hiyo inafanya kazi Tanzania pia.

Siku ya kwanza fika robo saa mapema, maana kuna fomu ya kujaza: historia ya afya, mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, na ridhaa. Beba majina ya dawa zote unazotumia, hata za presha au za uzazi wa mpango. Kikao kikiisha, kabla hujainuka, muulize mtaalamu anafikiri mtahitaji vikao vingapi na lini mtakaa kupima kama vinasaidia. Akikwambia ni mapema mno kujua, mwombe mpange siku ya kulizungumza, tuseme baada ya kikao cha nne. Na kama unajua utahitaji barua ya mahakama, ya chuo au ya kazini, itaje siku hiyo hiyo, kwa sababu barua hulipiwa peke yake, huchukua siku kadhaa kuandikwa, na kuna wataalamu wasioandika za mahakama kabisa.